Kata ya Mwenyekiti Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi redio haijazaliwa na mdomo ndio uliokuwa gazeti, wanyama wa bonde la Mkunguni walikuwa na chama chao, Chama cha Bwawa. Mwenyekiti Kiboko, katibu Nyati. Na habari za bonde zima zilitangazwa kila asubuhi na ndege mdogo kama ngumi ya mtoto, jina lake Chiriku. Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Chiriku alikuwa na desturi moja: hatangazi jambo kabla hajamuuliza mwenye jambo lake. Basi watoto wa bonde wakaanza kuharisha. Na yeye, akiwa kiotani juu ya mgunga ulio kando ya lango la bwawa, alikuwa akiona kila adhuhuri nani analifunga lango hilo na kujitosa ndani ya maji ya kunywa, chubwi! Akaenda ofisini kwa chama.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Mwenyekiti. Nina swali dogo tu. Nani huoga bwawani adhuhuri?"

Kiboko akavimba mashavu. "Swali! Katibu, umesikia? Kimanyoya hiki kina swali!"

"Nimesikia," akajibu Nyati, huku akinoa pembe mlangoni, kwaru! kwaru! "Tena kinakaa kwenye mgunga wa uani kwetu. Kina mayai matatu."

"Sikiliza, binti," Kiboko akasema. "Kesho utatangaza kwamba maji ni safi. Usipotangaza, Katibu ataupiga kichwa huo mgunga. Na ukinitaja mimi, nani atakuamini?"

Chiriku akaugeukia mgunga wake. Shahidi hana. Mayai yake yalikuwa na siku tatu tu kabla ya kuanguliwa. Lakini kichwa kidogo si kichwa kitupu, nawaambia mimi ninayejua.

"Haya, Mzee. Ila mimi sijui kupamba maneno. Nipe ya kwako, niyaseme kama yalivyo."

"Sema maji ni safi."

"Fupi mno hiyo! Watauliza nani kayapima."

"Nimeyapima mimi!"

"Kwa chombo gani, Mzee wangu?"

"Kwa mdomo huu huu!" Kiboko akaupanua, ofisi ikaingia giza. "Sema Mwenyekiti huyanywa asubuhi na jioni, ndiyo maana kanawiri hivi!"

"Lo! Hilo ndilo tangazo," akasema Chiriku, akaruka zake.

Asubuhi bonde zima likajaa langoni. Digidigi alikuja na mwanawe mgongoni, amelegea kama kitambaa. Chiriku akatua juu ya nguzo.

"Wapendwa wa Mkunguni! Haya ni maneno ya Mwenyekiti, sikuongeza hata nukta. Maji ni safi! Yeye mwenyewe huyanywa asubuhi na jioni, ndiyo maana kanawiri!"

Kiboko akatabasamu, akainamisha kichwa kama bwana harusi.

"Na kwa kuwa hapa kwetu mgeni hanywi mpaka mwenyeji aonje," Chiriku akaendelea, "Mzee, kata yako ya kunywea hii hapa. Karibu!"

Kata ikajazwa. Maji ya kijani, na vitu vinaelea ambavyo sitavitaja, maana wengine hamjala.

"Leo... leo nimefunga," akasema Kiboko.

"Si unakunywa kila asubuhi?" Digidigi akauliza.

"Basi Katibu aonje kwa niaba yangu!"

"Mimi?" Nyati akaruka nyuma. "Thubutu! Mimi nakunywa mtoni tangu ulipoanza kuoga humu!"

Bonde zima: "Looo!"

"Katibu!" Kiboko akanguruma. "Mgunga!"

Nyati akageuka, pembe chini. Akamkuta Digidigi amesimama mbele ya shina kwa vile vijiguu vyake vya njiti, mtoto bado mgongoni.

"Pita hapa," akasema. "Pita tuone."

Nyuma yake akasimama Ngiri, kisha Pimbi, kisha Nungunungu na miiba yake yote. Nyati akakohoa, akajifanya anakula majani.

"Mzee," Chiriku akaita kutoka nguzoni, "swali langu la jana bado liko palepale."

"Ni mimi," akajibu Kiboko, kwa sauti ya mbu. "Naoga mimi. Nitahamia mtoni, kule chini."

Chiriku akalitangaza na hilo, kama lilivyo, bila kuongeza nukta.

Mayai yakaanguliwa, yote matatu. Bwawa likasafishwa, na kila Ijumaa Kiboko mwenyewe akawa anafungua lango na kuita: "Chiriku, njoo uangalie, njoo uulize!" Na siku aliposema maji ni safi, hakuna aliyemletea kata.

Basi nanyi mtakaokuwa wenyeviti, mjibuni anayewauliza mlangoni, asije akawauliza mbele za watu.