Furushi la Bi Pimbi

Wee uliyebinua mdomo hapo nyuma! Hadithi sijaianza, wewe ushaikataa. Ulikuwepo? Hukuwepo. Bibi yako alikuwepo? Hakuwepo. Basi funga bakuli usikilize. Wanyama walisema, tena nyua zao walizifagia kuliko wewe.

Hapo zamani, mawe yalipokuwa bado laini, juu ya kilima aliishi Bi Pimbi. Mdogo kama kiatu, mkali kama pilipili. Alilea watoto wanne, na kwa msimu mmoja wote wanne wakaondoka. Kombo alioa akahama. Wawili wakafuata mashamba. Mwisho akatoka Mize, kitindamimba, akaolewa ng'ambo ya bonde, upande wa macheo.

Kila mmoja mamaye alimfungia furushi, na kila mmoja alimwambia neno lilelile mlangoni: "Aliyefungiwa furushi harudi mikono mitupu. Haya, nenda!"

Wala hakulia. Majirani wakasema, "Moyo wa Bi Pimbi ni jiwe kama nyumba yake."

Majirani hawakuona jikoni. Kila siku Bi Pimbi aliteleka chungu cha watu watano. "Wee Kombo, lete kuni!" huita. Kimya. "Mjinga mimi," hujijibu, akazifuata mwenyewe. Kunde zilichacha, akazimwaga, kesho akapika tena za watano. Mkono ukishazoea hauambiliki.

Lakini harufu ya kunde za nazi haina adabu, haikai nyumbani. Ilishuka kilima ikawakuta Fisi na Nyati.

"Sss! Unanusa?" akauliza Fisi. "Wanawe wameondoka wote. Sasa anampikia nani?"

"Nani?" akauliza Nyati, ambaye nguvu zote zilimwishia shingoni.

"Sisi! Ila bado hajajua."

Gonga! Gonga! Gonga! "Mama! Mama wee! Tumerudi wanao!"

Bi Pimbi akachungulia. "Wanangu? Pimbi hana mkia, Fisi. Huo wako umeutoa wapi?"

"Umeniota huko nilikokwenda, mama. Safari ina mambo."

Nyati akaingiza kichwa, kwaruzu, pembe zikachubua ukuta. Wakala chungu kizima, wakaramba mwiko, wakalala. Fisi alijitupa kwenye mkeka wa Mize, na hilo lilimchoma Bi Pimbi kuliko kunde zote.

Na nikwambieni ukweli, maana mimi sipaki asali. Siku mbili nyumba ile iliitika "mama" huku, "mama" kule, na sikio la Bi Pimbi lilifurahi. Mdomo ulikuwa wa Fisi, lakini neno lilikuwa zima.

Siku ya tatu alisimama mbele yao na jembe. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shikeni."

Fisi akacheka, hihihi! "Mgeni nani, mama? Sisi wanao! Hapa hatutoki hadi ufe, na nyumba tutarithi."

"Ukitufukuza," akasema Nyati, "ukuta huu nausukuma mara moja tu."

Bi Pimbi akaliweka jembe chini. Akaenda kuosha chungu. Alikiosha muda mrefu kuliko uchafu wake.

Asubuhi yake alikaa uani na kanga mbili, anazikunja, anasema peke yake, lakini kwa sauti ya kumfikia mwenye masikio. "Mafurushi mawili haya... afadhali niyafukie tu."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Furushi gani, mama?"

"La mtoto aliyekua. Wenzenu wote walipata yao. Hayawahusu nyie."

"Ndani mna nini?"

"Kitu cha kumlisha mtu mpaka uzeeni."

Fisi akameza mate, gulu! "Basi tupe!"

"Niwape watoto wachanga? Anayelala mpaka jua la utosi, huyo bado wa kubebwa mgongoni."

"Mimi mchanga?" Nyati akafoka. "Huzioni pembe hizi?"

"Hata mbuzi anazo, mwanangu. Aliyekua hulima, huteka maji, huezeka. Nyie chezeni tu."

Weee! Nyati alishuka shambani, tifu! tifu! tifu! Fisi akapanda na kushuka kilima na madumu ya maji, ulimi nje. Wakaezeka paa, wakaziba hata ule ukuta. Siku ya tatu ya kazi walikuwa wanasukumana mlangoni.

"Mama, nimekua!"

"Mimi nimekua kumshinda! Tuage leo, mama! Leo hii!"

Bi Pimbi akawaita majirani wote washuhudie. Vigelegele, lilililili! Alikuwa ameficha kitunguu kwenye pindo la kanga, apate machozi ya hila. Akapanda juu ya jiwe amfikie Nyati utosini, akafungua mdomo: "Aliyefungiwa furushi..."

Sauti ikakatika. Kitunguu hakukigusa. Alilia kilio cha watoto wanne, kilichongoja msimu mzima, mpaka Fisi naye akaanza kulia, hajui analilia nini.

"...harudi mikono mitupu," akamaliza. "Msifungue hadi mvuke mto ule wa upande wa machweo. Haya, nendeni!"

Walivuka mbio, wakafungua. Kila furushi lilikuwa na jembe, na mbegu za kunde zilizofungwa fundo. Kile kile walichopewa Kombo na wenzake.

"Ametucheza!" akabweka Fisi, wakayatupa mafurushi palepale. "Turudi!"

Chini ya kilima wakamkuta jirani Kobe kizingitini pake. "Hee! Wana wa Bi Pimbi hao! Juzi tu tumewaaga, mmeshavuna? Hebu mikono tuione!"

Majirani wakatoka kutazama. Mikono mitupu! Walicheka mpaka ndege wakaruka mitini. Nyati aliyeweza kubomoa ukuta hakuweza kubomoa kicheko. Akainamisha pembe, akageuka, na Fisi akamfuata, mkia katikati ya miguu.

Bi Pimbi aliona yote kutoka juu, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaingia jikoni, akapima kunde. Za watano! Safari hii hakujitukana. Alisimama na kibaba mkononi.

"Nao wanangu hawaji," akasema taratibu, "kwa kuwa wamelishika neno langu. Wanangoja mavuno. Watoto wenye adabu hao, nani aliwalea?" Akaguna. "Lakini mimi nilifunga mafurushi. Miguu yangu sikuifunga."

Akapika zote, akafunika chungu kwa jani la mgomba, akajitwika kichwani juu ya kata, ashike njia ya macheo, kwa Mize.

Shikeni hili, na wewe wa nyuma pia: mlango anaotokea mwana, mama naye hupita.

Bi Pimbi akatoka, akaufunga. Ba!