Kaburi la Vitabu Mia Mbili

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zamani za juzi, wakati hata mkulima wa viazi alikuwa na simu mfukoni, waliishi Wayahudi wachache chini ya milima ya Nyandarua. Nyumba zao hazikuzidi thelathini. Sinagogi lao lilikuwa la mabati, na kando yake palikuwa na darasa moja la watoto.

Mwalimu wa darasa hilo aliitwa Tirza Wamaitha. Kwa miaka kumi na mmoja aliwafundisha watoto sala za Kiebrania bila kitabu. Alisema, wakaitikia. Alisahihisha, wakarudia. Wazazi wakimsifu, "Mwalimu Tirza amekula Kiebrania akashiba," yeye hutabasamu na kubadilisha mazungumzo. Kwa nini? Mtasikia.

Basi watu wakaamua watoto wapate kitabu: ukurasa huu Kiebrania, ukurasa wa pili Kiswahili. Gershoni Mathenge, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, akatafsiri kwa miaka miwili na kuandika yote kwenye kompyuta yake. Kazi ikapelekwa Nakuru kwa Bi Zulekha, mpiga chapa hodari, Mwislamu aliyelelewa madrasa. Bi Zulekha akatoa nakala moja ya kukaguliwa, ikaletwa kwa Tirza aikague, kwa kuwa ndiye mwalimu. Tirza akakaa nayo siku tatu, akatia sahihi: "Sawa, chapisheni."

Vikaja vitabu mia mbili vyenye jalada la buluu. Jumapili asubuhi watoto wakapanga foleni. Kila mmoja alidondoshewa tone la asali juu ya jalada, alirambe, elimu iwe tamu mdomoni. Gershoni akafungua chake asome sala ya kwanza. Akaweka kidole kwenye mstari. Kidole kikaganda.

"Soma basi," akasema Mzee Asheri, mwenyekiti wa jumuiya.

"Mzee, hakisomeki. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hapa herufi zimegeuka, kila ukurasa. Ni kama mtu anayetaka kuandika 'mama' akaandika 'amam'."

Mtoto mmoja bado alikuwa akiramba kidole.

Vitabu vile vingefanywaje? Kwa mila ya Wayahudi, karatasi yenye Jina la Mungu haichomwi wala haifungiwi maandazi. Huzikwa, kama mtu. Wengine wakauliza: Jina likiandikwa kinyumenyume, bado ni Jina?

"Sijui," akasema Mzee Asheri. "Na kwa kuwa sijui, tutavizika. Jumanne. Aliyeviharibu ndiye atakayechimba, watoto wakiona, wajue neno ni kitu kizito."

Siku hiyo Tirza hakuonja chakula. Alijiambia: nikinyamaza, nani atajua? Jicho la mtu yeyote huteleza. Akajiambia hivyo Jumapili, akajiambia hivyo Jumatatu.

Jumanne wakakutana makaburini, watu wazima na watoto. Bi Zulekha naye, alipopata habari, alikuwa amefunga safari kutoka Nakuru. Jembe lilikuwa moja, mkononi mwa Mzee Asheri.

Gershoni akatangulia. "Nipe jembe, Mzee. Ng'ambo tulifundishwa kwamba herufi hizi zikihamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine huweza kugeuka. Niliona haya kumfundisha mpiga chapa kazi yake, nikanyamaza. Aliyejua ni mimi."

Bi Zulekha akasogea. "Nipe mimi, Mzee wangu. Kiebrania sikijui, lakini Kiarabu nakisoma, nacho huanzia kulia kama hicho. Niliona nukta za kumalizia sentensi zimekaa kulia, pale ambapo mstari ungepaswa kuanza. Moyo ukaniambia, uliza. Nikasema, mimi ni nani hata niguse kitabu cha dini ya wenzangu? Nikanyamaza kwa heshima. Aliyeona ni mimi."

Tirza akatoka kati ya wanafunzi wake.

"Nipe mimi, Mzee. Nyinyi mliniamini nikague. Ukweli ni huu: Kiebrania sijui kukisoma. Nilikiokota kwa masikio, kwenye kanda alizoacha marehemu baba. Herufi zile kwangu ni kama nyayo za kuku. Nilisoma Kiswahili neno kwa neno, upande wa pili nikahesabu kurasa tu. Niliogopa kuitwa mwalimu wa uongo. Aliyesema 'sawa' ni mimi."

Watu wakaguna. Msichana mmoja wa darasa lake, Yemima, akauliza, "Mwalimu, sasa sisi ulitufundisha nini?"

"Nilichosikia, Yemima. Kila neno kama nilivyolisikia."

"Na ni sahihi," Gershoni akadakia. "Nimewasikiliza watoto hawa. Hakuna hata neno moja lililogeuka."

Hapo ubishi ukaanza. Huyu akasema, mjuzi akinyamaza hana udhuru. Yule akasema, heshima gani hii inayomwacha mwenzako atumbukie shimoni? Mwingine akasema, sahihi ni sahihi, na mwenye sahihi ndiye mlango wa mwisho. Mama mmoja akalia kwa ajili ya Tirza. Mwingine akamvuta mwanawe pembeni. Mzee Asheri akaligeuza jembe mkononi, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Wote walikuwa wamenyoosha mikono.

Nanyi mnaonisikiliza, mmewasikia. Mmoja alijua, mmoja aliona, mmoja alisema sawa. Je, nani alistahili kupewa jembe?