Mpishi Aliyewekwa na Wapishi

Mzee mmoja, Mbaruku jina lake, alikuwa na binti wa kuozesha na masufuria makubwa ya kulishia mtaa mzima. Masufuria yalikuwa yake; mpishi hakuwa wake kumchagua. Katika mtaa ule kila kichochoro hupeleka mwanamke mmoja uani kwa mwenye shughuli, na yule anayeungwa mkono na wengi wao ndiye hushika mwiko. Huyo huteua wasaidizi miongoni mwao, huyu wa nyama, huyu wa moto. Wasiomtaka hawaendi zao. Hukaa mkeka wa pili wakimtazama usoni, na kazi yao ni kuuliza. Katikati hukaa mtu mzima wa kugawa zamu za kusema, naye hagusi chungu. Mwenye shughuli huonja mwisho. Asiporidhika huwarudishia wafikiri tena, lakini chumvi hatii kwa mkono wake. Mambo ya mji mzima yana wenyewe. Ya karamu ile, neno la wanawake wale ndilo neno.

Basi siku ile mwiko ukamwangukia Bi Mwanakombo. Weee! Alifurahi mpaka kanga ikamteleza begani. Tangu usichana wake alikuwa akiililia siku hiyo. Vigelegele, moshi, harufu ya bizari, na ngoma za bwana harusi zimeanza kusikika barabarani! Akaamuru mchele wote umiminwe katika sufuria moja, ile kubwa kuliko zote, ili watu wapate la kusimulia.

Kwenye mkeka wa pili Bi Chiku akaomba zamu, na Bi Salme, mgawa zamu, akampa. Akauliza: sufuria kubwa hivyo itapaliwa makaa gani juu ya kifuniko ili wali wa juu uive, na mkaa wenyewe ndio ule kidogo? Lilikuwa swali la jikoni, halina tusi ndani yake. Bi Mwanakombo hakuutazama mkaa, akapandisha sauti: mwenye mwiko haulizwi na wakaa mikekani.

Lo! Msaidizi wake mwenyewe, yule wa moto, akainuka, akavuka, akaketi na Bi Chiku. Wa nyama akafuata. Bi Salme akataka walio pamoja na mpishi wanyooshe mikono. Ikanyooshwa michache mno; ya kumtaka Bi Chiku ikawa mingi, na mwiko ukawa wake.

Hapo Bi Mwanakombo akatoka mbio hadi barazani kwa Mzee Mbaruku, mwiko mkononi, jasho na machozi yamechanganyika. Mzee alimpenda sana, tena ngoma zilikuwa zimeshafika kona. Hata hivyo akamwambia, "Mwanangu, mwiko huo sikukupa mimi, basi mimi siwezi kukushikia."

Akarudi uani, akamkabidhi Bi Chiku mwiko. Hakuna aliyemsukuma wala aliyemzomea. Hata hivyo aibu ilimchoma, akashika njia ya kwao. Bi Salme akamwita kwa jina, akamwonyesha nafasi kwenye mkeka wa pili: kichochoro chako ndicho kilichokutuma, bibi, na hakijakuita urudi. Akaketi, roho ikimuuma.

Mchele ukagawanywa katika masufuria madogo. Maji yanachemka, watu wanapigana vikumbo, na Bi Chiku naye sifa zimeanza kumpanda kichwani. Ndipo Bi Mwanakombo alipoomba zamu. Akauliza kama sufuria ya pale ukutani imetiwa chumvi. Bi Chiku akafungua kinywa abishe, akakifunga. Akachota, akaonja, akakiri mbele ya wote kwamba bado, akatia. Uani pakalipuka kwa vigelegele! Kigelegele kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Bi Mwanakombo mwenyewe. Makaa yakapaliwa yakatosha, wali ukaiva juu na chini, Mzee akaonja, akasema pakueni, na wageni wakaingia.

Nawe uliyeshika mwiko leo, swali likitoka mkeka wa pili, huwa unatazama chungu, au unakumbatia mwiko?