Nyati Adai Ukoo wa Mnavu

"Paukwa, wajukuu."

"Pakawa, Bibi."

"Pakawa nini?"

"Maua ya mwituni."

"Ya nani?"

"Hatujui, Bibi."

Hata wenyewe hawakujua, ndipo ukazuka ugomvi.

Palikuwa na Pimbi, kanyama kadogo kasiko na mkia, na wanawe. Chakula chao kilikuwa mnavu ulioota chini ya jabali lao. Asubuhi moja, tindi tindi tindi, akaja Nyati. Akabisha hodi. Pimbi akasita. Nyati na hodi wamejuana lini?

"Hujambo, mpwa wangu. Nimekuja kuutazama mnavu wangu."

"Wako tangu lini, mjomba?"

"Umeota penye samadi yangu. Basi ni ukoo wangu."

Pimbi akazitazama pembe. Akawatazama wanawe. Mnavu ukienda, na hawa wamekwenda.

"Haya, mjomba. Lakini desturi waijua. Anayedai jani hudai ukoo wake wote, na huonja kila nyumba. Akiikataa moja, amezikataa zote."

"Ukoo wenyewe mkubwa?"

"Mkubwa."

Tumbo la Nyati likanguruma, nguru nguru.

Pimbi akachuma ua la mnavu, akampeleka penye mnanaha, mmea ambao hata mbuzi huukwepa.

"Huyu ndiye kaka mkubwa."

Nyati akakunja uso. "Ua la mnavu dogo kama ukucha. Hili tarumbeta. Wanichezea."

"Usitazame ukubwa, mjomba. Hesabu ncha za maua. Huku tano, zimeshikana chini. Huku tano, zimeshikana chini. Kila mmoja ana jina lake la nyumbani, la ukoo ni moja."

Nyati akahesabu. Akarudia. Kweli.

"Mbona linanuka?"

"Wakubwa wana harufu yao."

"Na wewe mbona huli?"

"Mimi si wa ukoo. Nitaulaje urithi wako?"

Nyati akala, kwap kwap kwap. Punde ulimi ukamkauka, macho yakamtoka, akili ikamruka, akapiga magoti mbele ya kichuguu.

"Shikamoo, mama mkwe."

Kichuguu kimya.

"Mama mkwe, nimekukosea nini?"

Nyati akainuka, akaondoka akipepesuka, huku akilia, "Sina ukoo na jani lolote, mimi. Sina ndugu, sina mkwe."

"Mmemsikia?" Pimbi akawaambia wanawe. "Kaleni."

Ngano yangu imefumba petali zake. Atakayeifumbua aimwagilie maji.

Na fundisho, wajukuu, ni hili: ndugu ni ndugu, kaleni kwa jamaa zenu wote bila kuuliza. Mimi tu, kwa uzee wangu, hunusa kwanza.