Kiboko na Ushuru wa Matope

— Hodi! Ngano iko mlangoni!
— Ipite ndani, tumekaa mkao wa kula!
— Imebeba kweli ama uongo?
— Itue tu mzigo, tutachambua wenyewe!

Basi, ng'ambo ya mto mpana aliishi Kiboko. Shamba lake la mahindi, ukisimama mwanzo huoni mwisho. Upande wa huku waliishi wanyama wengine wote, na mmoja wao alikuwa Nguchiro, mnyama mdogo mwembamba, asiyeweza kupita tundu bila kuchungulia.

Upande wa huku kulizuka vita. Simba na Chui na jamaa zao walipigana mpaka mashamba yakabaki vumbi. Mwishowe Kiboko akavuka, akakanyaga hapa, puu! akakanyaga pale, puu! Vita vikaisha. Akarudi kwake akinguruma, "Ugomvi wenu msinishirikishe tena. Mimi na mahindi yangu, basi."

Wanyama wakaanza upya. Kanga akafinyanga vyungu, Ngedere akarina asali, wakavuka kwenda kubadilishana na mahindi. Kiboko akaona vyungu vinaingia, asali inaingia, akanuna. "Vitu vya nje vinanijazia shamba!" Akajenga ua wa miiba, akaacha lango moja tu, akatangaza, "Anayeingiza kitu cha nje, nusu ni yangu!" Akaona haitoshi. "Nusu na robo!"

Kanga akarudi na vyungu vyake. Ngedere akarudi na asali yake. Lango likawa kimya. Mahindi ya Kiboko yakalundikana, yakaota ukungu, wadudu wakayatafuna, kre, kre, kre.

Huku kwetu, watoto wa Nguchiro walikuwa wakitafuna magome ya miti. Mvua zimekaribia, na mbegu hakuna. Nguchiro alikuwa na njaa kama wengine, lakini swali lilimwasha kuliko njaa. "Anataka wote wanunue kwake, naye hataki kununua kwa yeyote. Sasa watanunua kwa kitu gani?" Akaogelea kwenda kujionea.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Macho tu. Ua mzuri huu! Lakini lango halina mlinzi. Ukiwa huko shambani, nani anawazuia wapitao?"

Kiboko akakuna shavu. Hilo hakuwa amelifikiria. "Nikikuweka wewe, utataka ujira gani?"

"Kidogo tu. Ushuru wa asali wako, wa vyungu wako. Mimi niachie ushuru wa matope. Anayeingiza matope ya nje anipe gunia la mahindi. Na sheria isichague mtu."

Kiboko akacheka mpaka masikio yakapepea. "Matope! Mjinga gani atavusha matope? Haya, nimekubali. Sheria haichagui mtu!" Akaipaza sauti hiyo, wa huku wote wakasikia.

Jua likawa kali. Kiboko akatoka kwenda kuoga mtoni, kama kawaida yake. Chubwi! Akagaagaa, akatoka akichuruzika, cho, cho, cho.

"Simama!" Nguchiro akaita. "Umebeba nini?"

"Nimebeba nini? Mimi? Kiboko?"

"Hapo mgongoni."

Kiboko akageuza shingo, na shingo ya kiboko kuigeuza ni kazi. "Matope," akasema.

"Ya ndani au ya nje?"

Kiboko akautazama mto. Mto ulikuwa nje. Ukingo wa pili wanyama walikuwa wamesimama wanamtazama. Akalipa.

Kesho yake akaoga, akalipa. Keshokutwa akaoga, akalipa. Akajaribu kukaa bila kuoga. Ngozi ikakauka, ikapasuka, pwa! inzi wakamvamia. Akakimbilia mtoni akilia, akarudi, akalipa. Na kila gunia, Nguchiro alilivusha huku. Watoto wakala uji. Mbegu zikaingia ardhini mvua ikidondoka.

"Nguchiro," Kiboko akasema siku moja, amesimama langoni akichuruzika, "hebu nieleze. Ua huu niliujenga ili vya nje visiingie. Mbona anayeshindwa kuingia ni mimi?"

"Hata mimi, bwana mkubwa, nilikuja kulichunguza hilo hilo."

Kiboko akautazama ua wake. Akautazama tena. Kisha akageuka, akaukalia. Puu! Miiba ikamchoma matakoni, yowe lake likafika milimani, lakini ua ukalala.

Wanyama wakavuka na mizigo. Ngedere akamwekea asali mbele. Kiboko akalamba, akafumba macho.

"Hii ni ya nje?"

"Ya nje, bwana."

Kiboko akakisogeza chungu karibu.

Wasomi huniambia hii ni habari ya Marekani, miaka ile kati ya vita vikuu viwili vya dunia, ilipojitenga na ugomvi wa wenzake na kupandisha ushuru wa forodha. Huenda. Mimi Marekani sijafika, nawaambia ya Kiboko.

Na funzo lake ni hili: jenga ua mrefu, toza ushuru kila kitu, na ukitaka mambo yako yanyooke, usioge kamwe.

— Ngano inaaga!
— Iende salama, uongo wake ituachie!