Mchango wa Tajiri Shangali

Madereva wa mabasi ya tajiri Shangali walikuwa wamegoma siku tatu wakidai nyongeza ya mshahara. Tajiri akamwita msemaji wao, Nyamizi, akajifuta machozi kwa mkono wenye pete tatu za dhahabu.

"Kampuni haina hata senti, mama. Nitawaongeza nini?"

"Pole sana, tajiri. Kumbe unateseka hivyo. Niandikie barua, upige na muhuri, niwaonyeshe wenzangu. Wana huruma wale."

Tajiri aliandika kurasa mbili, tena kwa furaha.

Kesho yake alikuta barua imebandikwa ukutani stendi, kanga imetandikwa chini, na Nyamizi kashika kipaza sauti. "Tunaomba mchango, ndugu zangu. Tajiri wetu kafilisika."

Muuza mafuta na muuza matairi, waliozoea kumkopesha, walikuwa wanaisoma barua kwa mara ya pili.

"Waambie nina fedha," tajiri alinong'ona.

"Mimi hawataniamini," alijibu Nyamizi. "Labda wakikuona unatulipa."

Fedha zikaletwa, na madereva wakalipwa mshahara mpya mbele ya stendi nzima. Nyamizi akakunja kanga yake, akamkabidhi tajiri shilingi mia nne alizochangiwa.