Gunia la Dorothea na Mstari wa Mvua

Nikisema kulikuwa, nanyi semeni kukawa. Kulikuwa! Kukawa.

Basi kulikuwa na nchi, wanangu, mbali kusini, ambako jua la mchana hupita upande wa kaskazini na mvua huja na baridi. Ndiyo Australia Kusini, jimbo la Australia. Ukiiacha pwani yake unakuta mashamba, ukiyaacha mashamba unakuta ukavu, na nyuma ya ukavu upo ukavu mwingine.

Wageni waliohamia huko walikuwa na jambo la kujivunia. Katika majimbo ya jirani walikuwa wameletwa wafungwa kwa minyororo. Wao walikuja kwa hiari, na majembe yao na vitabu vyao vya sala. Wakajivuna. Wakajivuna hata wakasahau kuuliza. Wenyeji wa nchi ile walikuwapo tangu kale na kila chemchemi wakiijua, lakini nani aliwauliza?

Akatokea mpimaji wa ardhi. Akapanda farasi, akaenda, akaenda, akaenda, macho yake kwenye mimea tu. Pale kilipoanza kichaka kifupi cha majani ya kijivu, ambayo ukiyalamba yana chumvi, akachora mstari kwenye ramani. Kusini ya hapa limeni ngano, akasema; kaskazini fugeni kondoo, maana huko mvua haina ahadi.

Ikaja miaka mitatu ya neema. La, minne, nisiwadanganye. Nyasi zikaota hata mahali zisipojulikana, na watu wakamcheka mpimaji. Wakaanza kuambiana kwamba mvua hufuata plau: ipasue ardhi, na mawingu yatakuja yenyewe. Wakauvuka mstari kwa magari ya farasi, wakajenga nyumba za mawe, kuta nene kama urefu wa mkono wenu hadi kiwiko.

Miongoni mwao alikuwamo Dorothea, na mumewe Gotlibu, watu wa asili ya Kijerumani, na binti zao wawili, Matilda na mdogo wake.

Sasa shikeni desturi ya watu hao. Kwa kuwa mvua hufuata plau, majirani wote walipanda siku moja, Jumatatu waliyokubaliana. Aliyebaki na mbegu ghalani alihesabiwa kuwa anawafukuzia wenzake mvua.

Mwaka wa kwanza wa ukame wakapanda pamoja, wasivune. Mwaka wa pili wakapanda pamoja, wasivune. Mwaka wa tatu Dorothea alibakiwa na gunia moja la mbegu. Moja tu, wanangu. Likipotea hilo, binti zake wangekula nini mwaka ujao, na wangepanda nini tena, popote pale duniani?

Dada yake alikuwa na shamba kusini ya mstari, mwendo wa siku tatu, naye alikwisha kumwahidi kipande cha kulima. Dorothea akataka gunia liende huko. Gotlibu akakataa. Alikuwa amewapa majirani mkono wake, na mkono wa Gotlibu haukuwa wa kurudishwa.

Jumamosi akaja Jago, jirani yao, akaegemea ua.

“Mama Matilda, nasikia gunia lako linataka kusafiri.”

“Linataka kuota, jirani.”

“Litaota hapa hapa. Baba zetu hawakuletwa kwa minyororo, nasi hatutafungwa na mstari wa wino.”

“Mstari haukukufunga, Jago. Ulikukaribisha ufuge kondoo.”

Gotlibu, aliyekuwa karibu akisikiliza, akacheka bila kutaka, kisha akakumbuka kwamba amemkasirikia mkewe.

Jumatatu ikafika. Gotlibu akawafunga farasi kwenye plau, na huku na huku majirani wakasimama kwenye mashamba yao wakimngoja. Dorothea akachukua sepetu, akaingia shambani, akachimba penye mfuo wa mwaka uliopita. Akachekecha udongo kwa vidole. Akasogea hatua kumi, akachimba tena. Akasogea, akachimba mara ya tatu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhakikisha. Kisha akamwendea mumewe na kumwekea kiganjani punje zilizosazwa na sisimizi: ngumu, za manjano, safi kama zimetoka guniani asubuhi ile.

“Hizi tulizipanda mwaka jana, Baba Matilda,” akasema. “Bado zinaingoja mvua. Unataka kuzipelekea wenzao?”

Gotlibu akazitazama. Akazisugua. Akauma moja, ikalia kama changarawe. Kisha akawafungua farasi kwenye plau, akawafunga kwenye gari.

Njiani Jago alisimama mbele yao, uso umemwiva. Akasema wanaondoka na mvua ya watu.

“Ikiwa ni mimi niliyeibeba,” Gotlibu akajibu, “nifuate.”

Siku ya kwanza, kichaka cha kijivu. Siku ya pili, kichaka cha kijivu. Siku ya tatu vichaka vikapungua, vikakoma. Dorothea akashuka, akatia mkono ardhini. Udongo ulikuwa baridi, ukamnata kwenye kucha. Akakaa pale chini, akalia, binti zake wakidhani ameumia.

Wakapanda. Mvua ikaja, haikuja nyingi, ilikuja ya kutosha. Gunia moja likazaa kumi na mawili.

Mavuno yalipoisha akaja Jago na mkewe, farasi wamekonda, kofia mkononi, bila punje moja. Dorothea alimcheka? Kidogo, hakuwa malaika. Kisha akampimia magunia mawili ya mbegu, akamwonyesha shamba lililokuwa tupu ng'ambo ya mto.

“Nimekufuata,” Jago akamwambia Gotlibu.

“Umechelewa,” Gotlibu akasema, “ila udongo bado una maji. Shika plau.”

Kaskazini ya mstari nyumba za mawe zimesimama hadi leo bila mapaa. Kusini yake ngano inayumba.

Basi jueni, wanangu: aliyekuja kwa hiari anaweza pia kurudi kwa hiari, na kurudi penye unyevu si kushindwa. Ardhi ikikujibu, isikilize, hata kama jibu silo ulilolitaka.

Kisa changu kimefika ukingoni mwa shamba. Aliyekisikia akipande, aliyesinzia amwombe mwenzake mbegu.